Chakula cha Italia Ni cha Watu Waliosota, Acheni Kuuziwa Kama cha Matajiri

Kuna video moja ya Italia ambayo mmeiona mara elfu, ni watu tu hubadilika. Dem amevaa gauni jeupe, ameshika glasi ya divai, nyuma yake kuna maji ama jengo la zamani. Muziki wa polepole. Halafu sauti inakuambia ni wakati wako wa kuishi maisha, na chini kuna namba ya kupiga ulipie safari ya kikundi ya siku saba. Bei yenyewe ukiiona utadhani wanakuuzia ploti Kitengela.

Mimi pia natengeneza video, kwa hivyo sina shida na mtu anayejitafutia. Shida yangu ni uongo. Hiyo video inakuambia Italia ni ya wenye pesa, chakula chake ni cha watu wa maana, na wewe ukifika huko utakuwa umeingia kwenye klabu yao. Inakufanya uone kile unachokula nyumbani ni uchafu tu.

Nimezunguka Italia wiki tatu, peke yangu, begi moja mgongoni, bila kikundi na bila mtu wa kunielekeza. Na nasema hivi bila kupepesa macho: karibu kila kitu kitamu nilichokula huko kilibuniwa na mtu ambaye hakuwa na kitu.

Tuanze na pizza, kwa sababu hiyo kila mtu anaijua. Naples, pizza ilikuwa chakula cha barabarani cha watu wa mkono kwenda kinywani: wabeba mizigo, wavuvi, vibarua. Mojawapo ya zile za zamani zaidi bado ipo, inaitwa marinara. Ina nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Jibini haimo, na hakuna kuku wala nanasi. Mpaka leo wanaiuza ikiwa imekunjwa, wanaiita pizza a portafoglio, yaani pizza ya pochi, na unaila ukitembea. Nililipa euro mbili. Hizo ni kama mia tatu za Kenya. Mwaka 2017 UNESCO iliweka ufundi wa wapika pizza wa Naples kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ufundi wa mtu wa kuuza barabarani, mnaskia?

Enda Roma, mtaa wa Testaccio. Pale palikuwa na kichinjio kikubwa cha jiji, kilichojengwa kati ya 1888 na 1891 na kufungwa 1975. Nyama nzuri ilienda kwa wenye nazo. Wafanyakazi wa kichinjio walipewa sehemu ya malipo yao kwa vile vilivyobaki: mkia, matumbo, moyo, mapafu. Waroma wanaiita quinto quarto, robo ya tano. Ng'ombe akishagawanywa robo nne za kuuza, hiyo ya tano ndiyo ya maskini. Kutoka kwa hiyo robo ya tano wakapata mkia uliochemshwa polepole na nyanya hadi nyama inaachana na mfupa, na pasta ya utumbo wa ndama anayenyonya, maziwa yakiwa bado ndani. Leo watalii wanasimama kwenye foleni kuvila hivyo.

Panda treni mpaka Florence. Mji wa Michelangelo, mji wa majumba ya sanaa. Unajua chakula chao cha barabarani ni nini? Lampredotto. Ni tumbo la nne la ng'ombe, linachemshwa kwenye supu, linakatwakatwa, linawekwa ndani ya mkate, na ule upande wa juu wa mkate unachovywa kwenye supu kabla hujapewa. Linauzwa kwenye mkokoteni. Nilisimama pale na fundi wa bomba, wakili aliyevaa suti na mzee mmoja mwenye mbwa. Wote tulikula tumesimama, wote mchuzi ulitutiririka mikononi. Hakuna aliyekuwa akijificha.

Na ukishuka Sicily hadi Palermo, ndani ya mkate kuna wengu. Na Tuscany mkate ukikauka hautupwi: unaloweshwa na nyanya na vitunguu unakuwa panzanella, ama unachemshwa na maharagwe na mboga unakuwa ribollita, maana yake iliyochemshwa tena. Yaani kiporo. Mnalipa thao nne kwenye mkahawa wa Nairobi kula kiporo cha mtu mwingine, na cha mamako mnakikatalia asubuhi.

Hawa watu walikuwa wamesota kweli. Kati ya 1876 na 1976 zaidi ya Waitaliano milioni 20 waliondoka kwao kwenda Marekani, Argentina, Brazil, Ufaransa, Ujerumani, wakitafuta kazi. Wengine walirudi, wengi hawakurudi. Huko walikoenda walitukanwa, wakaitwa wachafu, harufu ya kitunguu saumu chao ikachekwa. Hicho kitunguu saumu ndicho leo unaambiwa ni cha watu wa maana.

Sasa turudi kwa mutura.

Najua unaipenda. Usiniambie hapana. Lakini unaila saa moja jioni, mahali pana giza kidogo karibu na steji, na ukikutana na mtu wa ofisini unajifanya ulikuwa unapita tu. Mutura ni utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa, ukakatwa kwenye ubao, ukapewa chumvi na kachumbari. Lampredotto ni tumbo lililochemshwa, likawekwa chumvi na mchuzi wa kijani. Niambie tofauti iko wapi. Tofauti ni kwamba Mfiorentina ameamua chakula cha babu yake si cha kuaibisha, na wewe unangoja mgeni akuje akupigie video ndio uamini. Matumbo ya Florence unayapigia picha. Ya hapa unaziba pua.

Na hiyo heshima haikuanguka kutoka mbinguni. Walipigania. Mwaka 1986 McDonald's ilipofungua mkahawa Piazza di Spagna, katikati ya Roma, watu waliandamana. Wengine waligawa pasta barabarani. Kutoka kwa hasira hiyo, Carlo Petrini na wenzake wakajenga vuguvugu linaloitwa Slow Food, na ilani yake ikatiwa sahihi Paris mwaka 1989. Hoja yao ni rahisi: chakula cha mahali kina wenyewe, na wenyewe wasipokitetea kitapotea. Na hii wengi wenu hamjui: tangu 2022 rais wa Slow Food ni Mganda, Edward Mukiibi. Jirani yetu. Na maziwa ya Wapokot, yale ya kibuyu yanayotiwa majivu ya mti, yamo kati ya vyakula ambavyo vuguvugu hilo linavilinda. Yaani Waitaliano wanayajua maziwa ya West Pokot kuliko vijana wa Kilimani.

Huo uongo wa utajiri unakunyima heshima, na pia unakula pesa yako. Nieleze vile.

Mwitaliano wa kawaida asubuhi anaingia baa. Baa huko ni mahali pa kahawa, usishtuke. Anasema buongiorno, anakunywa espresso akiwa amesimama kaunta, dakika mbili, anatoka. Hiyo kahawa ni euro moja na senti kidogo. Ukiketi mezani, kahawa ile ile inaweza kuwa mara mbili. Ukiketi kwenye uwanja maarufu wenye mwonekano wa kupiga picha, inaweza kufika mara tano na zaidi. Si wizi, bei imeandikwa ukutani ama kwenye menyu. Ni kwamba ile video imekufundisha kuketi. Wenyeji wanasimama.

Maji? Roma ina mifereji ya chuma barabarani, karibu 2,500, inaitwa nasoni, pua kubwa, kwa sababu ya umbo la bomba lake. Ilianza kuwekwa 1874. Maji yake ni safi, baridi, bure. Ziba tundu la chini kwa kidole, maji yanaruka juu unakunywa. Nilibeba chupa moja, sikununua maji Roma hata siku moja. Halafu unaona watu wa kikundi wamepanga foleni kwa muuzaji wa chupa, na bomba liko hatua kumi.

Treni je? Zile za kasi bei yake hupanda vile nauli ya matatu hupanda mvua ikinyesha. Ukichelewa kununua, utalia. Lakini kuna treni za mikoa, regionale, ambazo bei yake hufuata umbali. Ununue wiki mbili kabla ama dakika tano kabla, ni ile ile. Zinaenda polepole, zinasimama kila kijiji, na humo ndimo utakutana na wanafunzi, manesi, nyanya wenye vikapu. Ukiwa na tiketi ya karatasi, igonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utapigwa faini, na "sikujua" haitakusaidia.

Majumba ya makumbusho ya serikali ni bure Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, hata Colosseum. Amka mapema, foleni ni ndefu. Na Venice, ile ya gondola kwenye video yenu? Mwaka 2024 mji ulianza kuwatoza wageni wa kutwa euro 5 kwa siku fulani zenye msongamano, na 2025 ikawa euro 10 kwa wanaochelewa kujiandikisha. Mji umechoshwa na watu wanaokuja kupiga picha saa tatu na kuondoka. Unajua nani wanakuja hivyo? Vikundi vya siku saba miji mitano.

Sasa kuna wale wa kusema, "Waitaliano wana madharau, ati hawataki unywe cappuccino jioni." Tulieni. Hakuna askari atakushika. Wao wanaona maziwa mengi ni ya asubuhi, na baada ya saa tano hivi wanakunywa kahawa tupu. Ukiagiza cappuccino baada ya chakula cha jioni utaletewa, labda na jicho kidogo. Jicho hilo ni lile ungempa mtu akiagiza chai ya maziwa ateremshie ugali na samaki. Hayo si madharau. Ni watu wanaojua chakula chao kina mpangilio.

Kitu wanachokijali kweli ni salamu. Ukiingia duka bila buongiorno, umeanza vibaya. Ukiingia nyumbani kwa mtu unasema permesso, ambayo ni hodi kabisa, na unangoja ukaribishwe. Kwenye soko usibonyeze matunda ya mtu, mwambie unataka ya kula leo ama kesho, akuchagulie. Hizi ni tabia ambazo nyanyako angekufundisha kwa kofi. Kiitaliano changu cha kwanza nilikitoa Malindi, kwa vijana wa ufuoni ambao wanakizungumza kama maji kwa sababu Waitaliano wamejaa pale na Watamu miaka mingi. Kijana wa Malindi aliyejifunza lugha nzima akiuza vinyago na safari za mashua anaijua Italia kuliko mwenye gauni jeupe. Yeye hajawahi kupewa visa.

Na kwa sababu nimeitaja visa, wacha niseme ukweli wote. Sitawadanganya ati safari hii ni rahisi. Visa ya Schengen ni euro 90, ilipandishwa Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Lazima uwe na bima ya matibabu ya angalau euro 30,000, taarifa ya benki, tiketi, mahali pa kulala, na ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Ukiwa kijana bila payslipu, hilo la mwisho ndilo shida, na si haki. Mitaliano anakuja Malindi akijaza fomu kwa simu. Pesa ya kufika ni nyingi, hiyo siwezi kuikata. Ninachosema ni kwamba ukishafika, kuishi vile wenyeji wanaishi si ghali. Maonyesho ndiyo ghali. Na wanaouza safari wanachanganya hizo mbili makusudi, ili mwenye akiba kidogo aseme "si ya watu kama sisi" na mwenye akiba kubwa alipe mara tatu.

Lakini hapa ndipo na mimi nakataa kuwauzia Italia tamu tu. Kwa sababu kuna video nyingine inakuja sasa, ya "Italia ya wenyeji," soko, nyanya nyekundu, mzee anatabasamu. Hiyo pia inaficha kitu.

Nyanya. Toa nyanya na hakuna pizza, hakuna mkia wa Testaccio. Sehemu kubwa ya nyanya za mikebe inatoka Puglia, kwenye tambarare za Foggia, na zinavunwa Julai hadi Septemba, jua likichoma. Nilienda Foggia kwa regionale. Nje ya kituo nilikutana na kijana wa Gambia, rika langu, amekaa kando ya baiskeli, viganja vimepasuka. Tuliongea Kiingereza. Aliniambia analipwa kwa kasha, lile kubwa la kilo kama mia tatu, euro chache kwa kila kasha, na kutoka hapo anakatwa pesa ya usafiri na yule anayempa kazi. Huyo dalali wa vibarua anaitwa caporale. Analala wapi? Kwenye vibanda vya mabati na mbao. Kuna makazi kama hayo Borgo Mezzanone, kando ya uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, wanaishi Waafrika kwa mamia, na wakati wa mavuno kwa maelfu. Nilipomwambia nimekuja kutembea alicheka, si kwa ubaya. Akaniuliza kama nimeshakula.

Sheria ipo. Mwaka 2016 Italia ilipitisha sheria namba 199 ya kuwabana hao madalali pamoja na wenye mashamba wanaowatumia. Na bado, tarehe 2 Juni 2018, Soumaila Sacko, Mmali wa miaka 29 aliyekuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi, alipigwa risasi akafa huko Calabria akiwa anaokota mabati kwenye kiwanda kilichoachwa, mabati ya kujenga kibanda. Agosti mwaka huo huo, ndani ya siku tatu, ajali mbili karibu na Foggia ziliua vibarua 16 waliokuwa wakirudishwa kutoka mashambani, wamejazwa garini. Wenzao wakavaa kofia nyekundu za kazi, wakagoma, wakaandamana hadi Foggia mjini.

Kwa hivyo mtu asiniambie chakula ni chakula, tusilete siasa mezani. Siasa ilikuwa mezani tangu zamani, ndiyo maana kuna robo ya tano. Yule wa kichinjio cha Testaccio alikuwa maskini wa jana. Italia imempa heshima, imempa orodha ya urithi, imempa bei nzuri kwenye menyu, akiwa ameshakufa. Yule wa Foggia ni maskini wa leo, na jina lake haliko kwenye mkebe. Ukila ukimsifu wa kwanza na kumficha wa pili, hujaelewa chakula chenyewe kilitoka wapi.

Na sisi Waafrika tuna sababu zaidi ya kuangalia. Kwenye treni niliombwa tiketi na kitambulisho mahali ambapo mzungu wa kiti cha mbele aliombwa tiketi tu. Mahali pengine mama mwenye baa aliniongezea keki bure kwa sababu nilimsalimia vizuri. Zote mbili ni Italia. Ukiwa ndani ya basi la kikundi hutaona hata moja, kwa sababu umelipa usione.

Hicho ndicho mnauziwa, wasee. Kutoona. Unalipia basi lenye vioo vyeusi, hoteli iliyo mbali na soko, meza iliyo mbali na kaunta. Unarudi na picha mia sita na hujui bei ya kahawa.

Nataka nini kwenu? Mtu akikuuzia Italia, muulize nani alipika na nani alivuna. Akikosa jibu, weka pesa yako mfukoni. Ukibahatika kupata visa, kula umesimama, panda treni ya polepole, salimia kwanza, enda Naples na uende Foggia pia. Kuna baa Naples ambapo unaweza kulipia kahawa mbili na kunywa moja. Ile nyingine inaitwa caffè sospeso, inangoja mtu asiye na pesa aingie aulize kama ipo. Lipia.

Na kama huendi popote mwaka huu, sawa. Leo jioni simama kwa yule jamaa wa mutura penye taa, kula polepole, muulize anaamka saa ngapi kwenda kichinjioni. Ukiwa na simu, mpige video akikubali. Hiyo nitaitazama mpaka mwisho.